Ulitaka kuandika "bei"? Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuprogramu, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa nasi, na ninyi vijana kutoka Mwanga, Gungu, Kibirizi, Katonga na Ujiji: shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie uandishi wa programu za kompyuta. Mada hiyo ni pana mno kwa asubuhi moja, kwa hiyo nimechagua kipande kidogo: ile sentensi inayotokea kwenye skrini pale unapokosea herufi katika jina fulani, na kompyuta, badala ya kukuambia tu kwamba hailijui jina hilo, inakuuliza kama ulikusudia jina jingine linalofanana nalo. Wengi mmeiona. Wengine mmeitii bila kuifikiria, na hapo ndipo penye maneno yangu ya leo.

Nimeichagua kwa sababu ya namna tunavyojifunza hapa. Kompyuta ni chache, mnakaa wawili watatu kwenye moja, mwalimu anazunguka na hawezi kuwa kila mahali. Ukibaki peke yako na programu iliyogoma, kinachobaki kukuongoza ni ule ujumbe wa kosa. Ukiwa umeandikwa vizuri, unaendelea na kazi. Ukiwa umeandikwa vibaya, zamu yako inaisha ukiwa bado unatafuta herufi moja. Kwa hiyo ubora wa sentensi hiyo unatuhusu sisi kuliko unavyomhusu mtu mwenye mtaalamu kiti cha pili.

Tuanze na programu fupi kabisa. Mtu anauza dagaa, anataka kujua mteja alipe kiasi gani:

bei = 12000
kilo = 3
print(bie * kilo)

Mmeona kosa. Vidole vimetangulizana, "bei" imekuwa "bie". Mtu yeyote sokoni angeelewa. Sasa Python, lugha ya kuandikia programu, kuanzia toleo la 3.10 inajibu hivi:

NameError: name 'bie' is not defined. Did you mean: 'bin'?

Yaani: jina "bie" halijulikani, je, ulikusudia "bin"? Haikutaja "bei" kabisa, ingawa "bei" iko mistari miwili juu. Imetaja "bin", ambayo ni kazi iliyomo ndani ya Python yenyewe ya kugeuza namba kuwa sifuri na moja. Mwanafunzi mtiifu akibadilisha kama alivyoshauriwa, anapata kosa jipya kabisa, linalosema huwezi kuzidisha kazi ya ndani ya Python kwa namba. Sasa yuko mbali na kosa lake kuliko alipoanza.

Kwa nini? Naomba mnivumilie nipige hesabu, maana hesabu hii ndiyo moyo wa jambo lenyewe.

Python inapokutana na jina isilolijua, inalilinganisha na majina yote inayoyajua mahali pale: uliyoyaandika wewe na yale iliyozaliwa nayo. Kwa kila jina inauliza: nikitaka kuligeuza hili liwe lile, nitafanya mabadiliko mangapi? Kuongeza herufi ni pointi 2, kuondoa herufi pointi 2, kubadilisha herufi kuwa nyingine pointi 2. Kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo au kinyume chake ni pointi 1 tu. Halafu kuna kikomo: jumlisha urefu wa majina yote mawili, ongeza 3, zidisha kwa 2, gawanya kwa 6, acha sehemu isiyo kamili. Jina lililozidi kikomo linatupwa. Yaliyobaki, lenye pointi chache zaidi ndilo linapendekezwa.

Haya, "bie" na "bei". Urefu ni 3 na 3, ongeza 3 ni 9, mara 2 ni 18, gawa kwa 6 ni 3. Kikomo ni pointi 3. Kubadilishana nafasi kwa "i" na "e" hakumo katika orodha ya vitendo nilivyotaja, kwa hiyo inabidi uondoe herufi moja na kuirudisha upande wa pili: pointi 4. Imepita kikomo, "bei" imetupwa. "Bie" na "bin" je? Herufi moja tu, "e" iwe "n": pointi 2. Imo. Na kwa kuwa hakuna jina jingine lililo karibu zaidi, "bin" inashinda.

Kompyuta haikukosea hesabu. Ilifuata kanuni kama ilivyoandikwa. Swali ni kanuni hiyo iliandikwa kwa kuangalia makosa ya nani.

Mwaka 1964, Frederick Damerau, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM, alichapisha makala juu ya kutafuta na kusahihisha makosa ya tahajia kwa kompyuta. Alichunguza maneno yaliyokosewa akaona kwamba zaidi ya asilimia 80 yana kosa moja tu, na kosa hilo ni la aina nne: herufi moja imebadilishwa, imesahauliwa, imezidi, au herufi mbili jirani zimepishana nafasi. Mwaka uliofuata, 1965, mwanahisabati wa Kisovyeti Vladimir Levenshtein alichapisha kazi yake juu ya misimbo inayoweza kustahimili kupotea, kuongezeka na kubadilika kwa alama zinaposafirishwa. Yeye hakuwa akifikiria watu wanaochapa kwenye kibodi, alikuwa akifikiria mawasiliano. Katika mpango wake hakuna kupishana kwa herufi jirani.

Kipimo cha Levenshtein, yaani ule uhesabuji wa mabadiliko ya herufi tulioufanya kwa "bie", ndicho kilichoenea zaidi, kwa sababu ni rahisi kukiandika na hesabu zake ni safi. Lakini mkono wa mtu unaochapa haraka unapishanisha herufi kila wakati. Tofauti ya makala mbili za miaka ya 1964 na 1965 ndiyo iliyomnyima yule muuza dagaa jina lake la "bei". Lugha ya Rust, kwa mfano, sasa inahesabu kupishana kwa herufi kuwa kosa moja. Kwa maoni yangu kila lugha inayofundishiwa wanaoanza ingefanya hivyo.

Wazo la kukisia alichotaka mwandishi ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Richard Conway na William Maxwell walitengeneza lugha ya kufundishia wanafunzi iliyoitwa CORC. Wakati ule mwanafunzi hakukaa mbele ya skrini. Alitoboa programu yake kwenye kadi, akapeleka rundo la kadi kwa wahudumu wa mashine, akaondoka. Majibu aliyapata baada ya saa nyingi au kesho yake. Sasa fikirieni unarudi kesho, unapewa karatasi inayosema umekosea herufi moja, basi, programu haikuendeshwa. Rudi tena, toboa tena, subiri tena. Kwa hiyo CORC ilisahihisha tahajia yenyewe na kuendelea na kazi. Miaka ya mwanzo ya 1970 chuo hicho hicho kikatoa PL/C, nayo ya kufundishia, ambayo ilijitahidi kukarabati kila kosa ili mwanafunzi asirudi mikono mitupu. Walifanya vile kwa sababu kusubiri kulikuwa ghali. Nawaheshimu sana watu wale. Walimtazama mwanafunzi aliyesimama kwenye foleni wakaona mashine inaweza kumwokolea siku.

Mwingine ni Warren Teitelman. Yeye aliingiza katika Interlisp, mfumo wa kuandikia programu, kitu kilichoitwa DWIM, maana yake "fanya ninachokusudia". Programu ilipokwama kwa kosa, kilikisia ulichotaka na kukusahihishia. Lakini Teitelman alikijenga kwa kuangalia makosa yake mwenyewe, makosa ya vidole vyake na ya namna yake ya kuandika. Watu wenye makosa ya aina nyingine walilalamika kwamba DWIM inakijua anachokusudia Teitelman, haijui wanachokusudia wao. Na kuna kisa kinachosimuliwa sana na waandishi wa programu: mtu mmoja katika maabara ya Xerox aliamuru kufuta faili zote za akiba, zile ambazo majina yake yalimalizikia kwa alama ya dola. Faili za namna hiyo hazikuwepo. DWIM ikakisia kwamba alama ile iliwekwa kwa bahati mbaya, na kwamba bwana yule alitaka kufuta faili zote. Ikaanza kuzifuta. Aliiwahi baada ya kupoteza faili chache.

Hapo kuna mambo mawili, nami nitayashika yote hadi mwisho. La kwanza, kukisia kunabeba mkono wa aliyetengeneza. La pili, kukisia na kutenda ni vitu viwili tofauti. Karani wa tiketi pale stesheni ukimwambia unakwenda "Kaliwa", anakuuliza, "Kaliua?" Ukiitikia, anakata tiketi. Hakufukuzi dirishani kwa sababu ya herufi, wala hakati tiketi ya Uvinza kimya kimya kwa kuwa kaona inakufaa.

Lugha za siku hizi nyingi zimechagua kuuliza. Kompaila ya Clang, yaani programu inayogeuza ulichoandika kiwe lugha ya mashine, ilikuwa na mapendekezo ya majina kufikia mwaka 2010. Lugha ya Ruby iliyaingiza katika toleo la 2.3, Desemba 2015, kutokana na kazi ya Yuki Nishijima. GCC, kompaila nyingine, ikafuata katika toleo la 6, mwaka 2016, na Python katika toleo la 3.10, Oktoba 2021. Siendi ndani ya kila moja, ila nataka tusimame kidogo kwenye Ruby, kwa sababu pale kuna jambo linalotugusa sisi waziwazi.

Ruby inachuja mara mbili. Chujio la kwanza ni kipimo kinachoitwa Jaro-Winkler. Matthew Jaro alieleza kazi yake mwaka 1989, akitumia takwimu za sensa ya majaribio iliyofanyika mjini Tampa, Florida, mwaka 1985. Shida yake ilikuwa kulinganisha orodha mbili za watu ili kujua nani ni yule yule. William Winkler, wa ofisi ya sensa ya Marekani, mwaka 1990 akaongeza kitu kimoja: majina yanayofanana mwanzoni yapewe alama za ziada, hadi herufi 4 za kwanza. Kwa majina ya watu wa kule, uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa mtu hukosea mwanzo wa jina mara chache kuliko katikati au mwisho.

Sasa leteni Kiswahili. Sisi umoja na wingi tunabadilisha wapi? Mwanzoni! Kitabu, vitabu. Jina, majina. Mtoto, watoto. Lugha ya Kiingereza inabandika wingi mkiani, kwa hiyo mwanzo wa neno unabaki salama na alama za ziada zinapatikana. Sisi kichwa cha neno ndicho kinachogeuka, kwa hiyo alama za ziada hatuzipati hata moja.

Mwanafunzi wetu ana orodha aliyoiita "watoto". Mahali fulani anaandika "mtoto" kwa kusahau. Hilo ni kosa la kawaida kabisa kwa anayeandika majina ya programu kwa Kiswahili. Ukipiga hesabu ya Jaro kwa "mtoto" na "watoto", ambapo 1 ni kufanana kabisa, unapata 0.822. Chujio la Ruby kwa majina yenye zaidi ya herufi 3 linataka angalau 0.834. "Watoto" haipiti, na pendekezo halitoki. Lakini chukua tofauti ile ile, "m" upande mmoja na "wa" upande wa pili, uihamishie mwishoni mwa neno: "totom" na "totowa". Jaro ni ile ile 0.822, ila sasa herufi 4 za mwanzo zinafanana, alama za ziada zinaingia, jumla inakuwa 0.893. Linapita. Herufi zilezile, tofauti ileile, na kilichobadilika ni kwamba wingi umekaa mkiani.

"Kitabu" na "vitabu" zinapita, niseme ukweli, kwa sababu tofauti ni herufi moja tu. Python nayo kwa "mtoto" inapendekeza "watoto", ingawa kwa kuning'inia: pointi 4, kikomo 4. Ila jaribuni "mtu" wakati orodha inaitwa "watu". Pointi ni 4, kikomo ni 3. Inakuambia haijui "mtu", basi, inanyamaza.

Hakuna aliyekaa akapanga kutuacha nje. Nishijima alichukua kipimo kizuri kilichokuwepo, Winkler alikuwa na majina ya Wamarekani mezani, Damerau alikuwa na maneno ya Kiingereza. Kila mmoja alifanya kazi nzuri kwa makosa aliyoyaona. Makosa yetu hawakuyaona kwa sababu hatujayaandika popote.

Na tunayo makosa yetu, tena yenye mpangilio. Wengi tunabadilishana "r" na "l". Wengine wanaacha "h" mwanzoni, "hesabu" inakuwa "esabu". "Dh" inakuwa "z", "th" inakuwa "s", hata "thamani" ikageuka "samani" na programu ya thamani ya mali ikaanza kuzungumzia viti na meza. Kipimo cha kawaida hakijui lolote kati ya haya. Mna programu yenye majina mawili, "maji" na "mali", mtu akaandika "mari". Kutoka "mari" kwenda "mali" ni herufi moja. Kutoka "mari" kwenda "maji" ni herufi moja pia. Kwa Python ni sare, itachukua lile inalokutana nalo kwanza. Lakini sisi sote humu ukumbini tunajua mtu aliyeandika "mari" alikuwa anatafuta nini. Kama Python imeona inafaa kumpunguzia bei mtu aliyechanganya herufi kubwa na ndogo, pointi 1 badala ya 2, basi njia ipo: nasi tunaweza kupunguza bei ya "r" na "l", ya "z" na "dh", ya kupishana kwa herufi, na ya "m" kuwa "wa" mwanzoni mwa neno.

Mtasema, sisi hatutengenezi Python. Kweli, ingawa Python ni programu huria na yeyote anaweza kupeleka pendekezo la kuiboresha. Lakini kabla ya kufika huko, mnatengeneza programu zenu. Humu kuna aliyeandika programu ya kusajili wanachama wa kikundi cha kuweka akiba, kuna anayeandika ya mauzo ya migebuka na dagaa. Mtumiaji wa programu hizo ni mama, ni mjomba, ni karani wa kijiji. Akikosea herufi, programu yenu inamjibu nini? Nimeona programu nyingi za vijana zinajibu "Kosa!" na kufunga. Mtu mzima amejaza fomu nzima, unamjibu neno moja na alama ya mshangao.

Python ina kifaa cha kutosha kuanzia, kiko ndani yake, huhitaji intaneti kukipakua. Kinaitwa difflib:

import difflib
wilaya = ["Kigoma", "Kasulu", "Kibondo", "Kakonko", "Buhigwe", "Uvinza"]
print(difflib.get_close_matches("Kasuru", wilaya))

Inakurudishia orodha yenye "Kasulu". Usipoiambia vingine, inakupa majina yasiyozidi 3, na kila moja liwe na mfanano wa angalau 0.6. Sasa badilisha "Kasuru" uweke "Kakondo". Hapo inarudisha mawili: "Kakonko" kwanza, "Kibondo" la pili. Mtu aliyeandika hivyo alitaka ipi? Huwezi kujua, na programu yako haiwezi kujua. "Kakonko" imepata alama nyingi zaidi, lakini mwanachama akiandikishwa Kakonko naye anaishi Kibondo, atakuja kulitafuta jina lake kwenye orodha siku ya mgao asilione, na hakuna atakayekumbuka kwamba mashine ndiyo iliyobadilisha. Kwa hiyo programu yako iandike: "Sijaipata Kakondo. Ulikusudia Kakonko au Kibondo?" Kisha imsubiri mtu achague.

Angalizo moja dogo la vitendo: difflib inaona "K" kubwa na "k" ndogo kuwa herufi mbili tofauti kabisa. Mtu akiwa amewasha herufi kubwa akaandika "KASULU", mfanano na "Kasulu" unaporomoka hadi chini ya 0.2, na programu inadai haijui wilaya ambayo imeandikwa sawasawa. Geuzeni pande zote mbili kuwa herufi ndogo kabla ya kulinganisha.

Kuna mahali ambapo msipendekeze kitu chochote. Kwenye namba ya siri, kamwe. Kwenye jina la kuingilia katika mfumo, pia hapana, kwa sababu ukimwambia mgeni "ulikusudia jina fulani?" umempa jina la mtumiaji wako. Kwenye namba ya simu hakuna jina lililo "karibu", kila namba ni ya mtu, ndiyo maana unapotuma pesa kwa simu unaonyeshwa jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Na kwenye majina ya vifurushi vya programu mnavyopakua, angalieni herufi kwa herufi, maana wapo wanaoishi kwa makosa ya watu. Mwaka 2017 kwenye npm, hazina ya vifurushi vya lugha ya JavaScript, kilikutwa kifurushi kiitwacho crossenv, kimewekwa kuwavizia waliotaka cross-env, na kilikuwa kinaiba siri zilizomo katika mazingira ya kompyuta. Kistari kimoja tu.

Sasa kosa linalonisumbua zaidi ya yote, kwa sababu halina ujumbe kabisa. Tazameni, tuchukulie bei_zote ni orodha ya bei mliyokwisha kuiandika:

jumla = 0
for bei in bei_zote:
    jumal = jumla + bei
print(jumla)

Endesha. Hakuna kosa. Inachapisha 0. Umeuza mchana kutwa na mashine inasema sifuri. Kosa liko mstari wa tatu, "jumal". Lakini Python haikulalamika, kwa sababu upande wa kushoto wa alama ya sawasawa jina lisilojulikana ni jina jipya linalozaliwa. Pendekezo la tahajia linatoka tu pale unapolisoma jina ambalo halipo. Unapoliandika kwa mara ya kwanza, mashine inaamini umekusudia.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Katika lugha ya Fortran, jina usilolitangaza linajipatia aina yake kutokana na herufi ya kwanza, I hadi N ni namba kamili, nyingine zote ni namba zenye desimali, kwa hiyo jina lililokosewa lilizaliwa kimya kimya na kufanya kazi. Ndiyo sababu hadi leo waandishi wa Fortran hutanguliza IMPLICIT NONE, amri inayodai kila jina litangazwe. JavaScript ilikuwa na shida hiyo hiyo hadi ilipopata hali kali, inayokataa jina lisilotangazwa, mwaka 2009, na hata sasa ukiandika "majina.lenght" haikwambii kitu, inakurudishia thamani isiyo na maana. TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript, ndiyo itakayokushika mkono na kukuuliza kama ulikusudia "length". Lugha zinazokulazimisha kutangaza jina kabla ya kulitumia zinaonekana kama zinasumbua, lakini kulazimishwa huko ndiko kunakozipa uwezo wa kuuliza swali. Kwa wanaoanza na Python, dawa ni kujizoesha kujaribu programu kwa mfano ambao jibu lake unalijua kichwani: bei mbili, jumla yake unaijua, angalia kama inatoka.

Dawa nyingine ni majina marefu kidogo. "Bie" ilishindwa kwa sababu herufi 3 hazimpi mkisiaji kitu cha kushika. Mngeliandika "bei_ya_kilo" na mkakosea "bie_ya_kilo", pointi zingebaki 4 zile zile, lakini kikomo kingekuwa 8, na pendekezo sahihi lingetoka bila shida. Nawaona wenzangu wanawafundisha vijana kuita vitu "x", "a", "b2". Tuache hilo.

Nimalizie na kazi ninayowaomba mfanye. Kila kundi liwe na daftari moja karibu na kompyuta. Kila mtu akikosea jina katika programu, kabla hajarekebisha, aandike vitu vinne: alichoandika, alichokusudia, kompyuta ilipendekeza nini, na ni lugha gani na toleo gani. Asiandike jina lake. Hatuhesabu nani amekosea, tunakusanya makosa yenyewe. Andikeni majina ya Kiswahili kama mnavyoyafikiria, msijilazimishe Kiingereza kwa ajili ya zoezi hili. Na yale ya kimya, kama "jumal", yaandikeni kwa kalamu nyekundu.

Mwisho wa muhula walimu wamekubali tuyaunganishe madaftari yote. Kundi la wakubwa litaandika kipimo chetu, ni kazi ya mistari isiyozidi ukurasa mmoja: Levenshtein wa kawaida, kuongezea kupishana kwa herufi jirani, halafu jedwali la bei za herufi litakalotokana na madaftari, wala tusilitunge vichwani. Kama madaftari yataonyesha kwamba hatuchanganyi "r" na "l" kama ninavyodhani, jedwali litafuata madaftari, na mimi nitafuata jedwali. Kipimo hicho tukiingize kwanza katika ile programu ya usajili wa wanachama, kwenye kisanduku cha kijiji, tuone kinamuuliza karani maswali ya maana au kinampotezea muda.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nimeona mikono miwili imenyooshwa kule nyuma, tuanze na wao.